Kabla ya Kushusha Giaboksi

Jijini Arusha, Land Cruiser ya mwaka 1992 bado ina kazi ya kufanya. Alfajiri inapakia wageni, maji na vikasha vya chakula cha mchana, inapita Makuyuni na Mto wa Mbu, inapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu. Ikifika lango la Loduare, mahali lami inapoishia, dereva anaingiza fowili na kazi yenyewe inaanza: mteremko wa Seneto hadi sakafu ya kreta ya Ngorongoro, mita zipatazo 600 chini ya ukingo, kisha kupanda tena kwa njia ya Lerai, au kuendelea Naabi hadi Serengeti.

Toyota ilianza kuuza Land Cruiser za mfululizo wa 70 Novemba 1984. Mwaka 1990 ikaleta injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo wala kompyuta. Injini hiyo ndiyo inayosifiwa vijiweni, na sifa zake ni za haki. Lakini muulize fundi fedha za mwenye gari huishia wapi, atakuonyesha nyuma ya injini na chini ya bodi: klachi, giaboksi, transfa, propela mbili, difu mbili, na habu za mbele. Hiyo ndiyo njia ambayo nguvu ya injini hupita kabla ya kufika kwenye tairi, na kila kituo katika njia hiyo kina oili yake, sili zake na namna yake ya kulalamika.

Sehemu kubwa ya fedha hizo hupotea kwa sababu ya haraka. Gari linavuma, mwenye gari ana safari kesho kutwa, na mtu wa kwanza kuulizwa anajibu, "Tushushe giaboksi." Inashushwa, inafunguliwa, beringi zinabadilishwa, inarudishwa, na mvumo uko pale pale, kwa kuwa ulikuwa unatoka kwenye krosi ya propela ya nyuma ambayo ingebadilishwa kwa nyundo, koleo la saklipu na asubuhi moja. Mwenye gari amelipia kazi mbili. Kibaya zaidi, giaboksi iliyokuwa nzima imefunguliwa kwenye vumbi.

Gari la fowili ya kuchagua, yaani lile linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake mpaka dereva aamue vinginevyo, linatoa nafasi ya kuchunguza ambayo magari mengi ya kisasa hayana. Linaweza kugawanywa vipande likiwa linatembea. Katikati ya gurudumu la mbele kuna kitasa cha kuzungushwa kwa mkono chenye alama mbili, FREE na LOCK. Kikiwa LOCK, gurudumu linazungusha shafti zake, difu ya mbele na propela ya mbele hata kama leva ya transfa iko H2, yaani fowili haijaingizwa. Kikiwa FREE, gurudumu linazunguka peke yake na vyote hivyo vinatulia.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Gari linaendeshwa kwa mwendo ule ule ambao kelele husikika, habu zikiwa LOCK na leva ikiwa H2. Kisha linasimama, habu zinawekwa FREE, linarudi kwenye barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Kelele ikitoweka, chanzo kiko mbele: difu, propela au shafti. Ikibaki, nusu ya gari imeshaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa, ukiacha beringi za magurudumu ya mbele ambazo huzunguka wakati wote.

Kipimo cha pili hufanyika gari likiwa limesimama, injini ikiunguruma na gia ikiwa neutro. Kama kuna mkwaruzo mguu ukiwa nje ya klachi, na unakoma pedali ikikanyagwa, beringi ya kuingilia giaboksi au zile za shafti ya chini zinastahili kushukiwa. Kama ni kinyume, kimya kikiwepo mguu ukiwa nje na mlio ukianza pedali inapoguswa, hiyo mara nyingi ni beringi ya klachi yenyewe. Hapo giaboksi itashushwa kweli, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuifikia, lakini haitafunguliwa. Tofauti ya bei kati ya kushusha na kufungua ni kubwa, na mteja ana haki ya kuijua kabla ya kukubali kazi.

Kinachobaki ni kusikiliza. Difu iliyolika meno ya krauni na pinioni hulia kwa sauti nyembamba inayobadilika dereva anapokanyaga mafuta na anapoachia. Fundi mzuri huuliza hasa inalia lini, gari likivuta au likijisukuma lenyewe. Beringi ya gurudumu huvuma kwa sauti nzito, na mvumo hubadilika gari linapolalia upande mmoja kwenye kona. Krosi kavu hulia kama ndege mwendo ukiwa mdogo, halafu baada ya wiki kadhaa hunyamaza na kuanza kugonga. Kunyamaza huko kumewadanganya wengi wakadhani imepona.

Mtetemo nao una lugha yake. Katika Land Cruiser yenye difu ya uwiano wa 4.11, propela huzunguka zaidi ya mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Tairi bovu au rimu iliyopinda hutikisa gari polepole na usukani ukayumba; propela isiyolingana hutetemesha sakafu kwa kasi, mithili ya umeme chini ya nyayo. Aliyezoea hatabadilisha tairi nne kutibu krosi.

Na kuna mtetemo unaotengenezwa gereji. Propela ina sehemu inayoteleza, meno ndani ya meno, ili irefuke na kufupika ekseli inapopanda na kushuka. Ikichomolewa na kurudishwa jino moja pembeni, krosi za mbele na za nyuma hazikai tena kwenye mstari mmoja, na propela nzima kabisa inaanza kutikisa gari. Alama ya rangi au ya tindo kabla ya kuichomoa inamaliza tatizo hilo. Sehemu hiyo hiyo ikikosa grisi, gari hugonga mara moja chini, "du!", linapoondoka au linaposimama, na watu wanaanza kuilaumu difu.

Kazi inayoonyesha vizuri zaidi uzee wa gari hili ni kufungua mguu wa mbele. Ekseli ya mbele ni bomba zima la chuma lenye mpira wa chuma kila mwisho, na juu ya mpira huo kinageuka kifundo kinachobeba gurudumu. Ndani ya mpira kuna jointi ya Birfield, ambayo chimbuko lake ni ubunifu wa Alfred Rzeppa wa miaka ya 1920: kengele ya chuma, tundu lenye gololi sita, na nyota katikati. Gololi zinatembea kwenye mifereji ili gurudumu likunje na wakati huo huo lipokee nguvu bila kushtuka.

Fundi anaanza kwa kutoa kitasa cha habu na saklipu iliyo mwishoni mwa shafti. Nati sita zinatoka kirahisi, lakini kasha la habu linagoma, kwa sababu chini ya kila nati kuna washa ya koni iliyojibana kwenye stadi. Asiyejua huingiza tindo na kupanua, na kuharibu uso wa chuma ambao ndio uliokuwa unazuia vumbi. Anayejua hugonga kichwa cha stadi kwa nyundo ya shaba, taratibu, mpaka washa inaruka yenyewe. Kisha nati kubwa ya milimita 54 inayotaka soketi yake maalumu. Nati nyingi za Land Cruiser kuukuu zina makovu ya tindo na nyundo, na makovu hayo ni historia ya gereji ambazo hazikununua soketi hiyo. Nati inayokazwa kwa tindo haina kipimo: ikilegea gurudumu linacheza, ikibana kupita kiasi beringi zinaungua.

Gurudumu na habu vikishatoka, kifundo kinafunguliwa na kilichomo ndani kinaonekana. Grisi nyeusi nzito yenye molibdenamu ni habari njema. Kinachokutwa mara nyingi ni kitu chepesi cha kijivu kinachotiririka kama uji. Hiyo ni oili ya difu iliyopita kwenye sili ya ndani ya ekseli, ikaosha grisi, ikachanganyika nayo, na sasa haifai kulainisha jointi wala kubaki mahali pake. Nje ya gari dalili yake ilikuwepo siku zote: mpira wa chuma uliolowa na kushika vumbi, wakati ulitakiwa kuwa na utando mwembamba tu. Ikiachwa, oili hufika kwenye breki za gurudumu hilo, na difu ya mbele inabaki na kiasi ambacho hakuna aliyekipima.

Sili hiyo ni kipande kidogo cha mpira na chuma, bei yake haifanani hata kidogo na ya jointi inayoilinda. Kubadilisha sili peke yake bila kuangalia beringi za kifundo, za juu na za chini, ni kufanya kazi nusu, kwa sababu zikilegea, kifundo kinakaa upande, shafti inaegemea sili mpya na kuikata. Kipimo cha beringi hizo hufanywa hata kabla ya kufungua. Gurudumu likiwa hewani juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, fundi analishika juu na chini na kulitikisa. Likicheza, mwenzake anakanyaga breki. Mchezo ukikoma, nati au beringi ya gurudumu ndiyo yenye kosa. Ukiendelea, tatizo ni beringi za kifundo.

Kuna ujanja mmoja wa wazee wa gari hili unaostahili kuenezwa. Gololi za Birfield hukandamiza upande mmoja wa mifereji, ule wa kwenda mbele. Jointi ya kushoto ikihamishiwa kulia na ya kulia kushoto, gololi zinaanza kutembea upande ambao haujalika, na jointi iliyoanza kulia "tak-tak-tak" kwenye kona hupata maisha ya pili. Shafti za ndani zina urefu tofauti, hivyo zinabaki pande zake. Zinazohama ni jointi tu. Kwa mwenye gari ambaye jointi halisi mpya ni mzigo, huo ni msaada wa kweli.

Sasa maji. Masika yakijaza korongo, gari lenye difu iliyopata moto kwa saa mbili za vumbi linaingia kwenye maji baridi. Hewa ndani ya difu inapoa ghafla na kusinyaa, ikatafuta mahali pa kuvuta. Juu ya ekseli kuna tundu dogo la kupumulia lililowekwa kwa kazi hiyo. Likiwa wazi na bomba lake limepandishwa juu, inavuta hewa. Likiwa limezibwa na tope la mwaka jana, inavuta maji kupitia sili. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yamo ndani tayari, na beringi za difu zinaanza kupata kutu gari likiwa limepaki uani. Kuzibua tundu hilo ni kazi ya dakika chache, na pengine hakuna huduma nyingine katika gari zima inayolipa kiasi hicho.

Wakati wa kumwaga oili, nati ya kujazia hufunguliwa kwanza, halafu ile ya kumwagia. Utaratibu huu unaonekana hauna maana mpaka siku mtu amwage oili yote chini kisha agundue nati ya kujazia imeshikana na kutu na haitoki. Oili iliyomwagwa isitupwe kabla haijasomwa. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni mliko wa kawaida wa miaka. Vipande vinavyohisika kwa kidole ni meno au beringi, na hapo ndipo kufungua kunapokuwa na sababu.

Kwenye giaboksi ya gia tano aina ya H55F, ambayo Land Cruiser nyingi za HZJ75 za miaka ya 1990 zinayo, kuna jambo la kuangalia zaidi: kiwango cha oili ya giaboksi na cha transfa vipimwe pamoja. Kimoja kikiwa kimezidi na kingine kimepungua, bila tone hata moja kuonekana chini, sili iliyo kati ya vyumba hivyo viwili imekufa na oili inahama. Anayeongeza tu upande uliopungua anatibu dalili. Kuhusu aina ya oili, kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Difu inataka GL-5 inayostahimili meno yanayosagana kwa mkandamizo mkubwa, lakini baadhi ya viambato vya oili za daraja hilo hula metali za njano kama shaba, na ringi za giaboksi zinazolainisha uingiaji wa gia zimetengenezwa kwa metali hizo.

Vumbi la kaskazini nalo si vumbi la kawaida. Udongo wa mbuga za nyasi fupi kati ya Ndutu na Naabi umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, zikiwemo Kerimasi na Oldoinyo Lengai, na chembe zake husugua kama msasa. Chini kabisa, kandokando ya Ziwa Ndutu na Natron, kuna magadi, ambayo yakikauka kwenye chuma hukila. Gari lililotoka huko linahitaji kuoshwa chini kwa maji mengi, na baada ya kuoshwa lipigwe grisi kwenye niplo zote za propela mpaka grisi ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne vya krosi. Ikitoka kwenye vitatu, cha nne kinakauka, na hicho ndicho kitakachokata krosi.

Makosa ya dereva yana sehemu yake. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Transfa ya gari hili haina difu ya katikati, hivyo ikiwa kwenye fowili propela mbili zinalazimishwa kuzunguka sawasawa. Kwenye matope au changarawe tairi huteleza kidogo na tofauti inaisha. Kwenye lami kavu haina pa kwenda: inajikunja ndani ya shafti na meno, usukani unakuwa mzito, leva ya transfa inagoma kutoka. Dereva aliyesahau fowili kutoka Loduare hadi Karatu huishia kuvuta leva hiyo kwa mikono miwili. Dawa ni kurudi nyuma mita chache, mkazo unafunguka, leva inatoka yenyewe. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma hufanya madhara yale yale polepole, hata kwenye barabara iliyonyooka.

Lakini kutotumia fowili kabisa ni kosa pia. Oili ya difu ya mbele hupanda kwenye meno na sili pale tu difu inapozunguka; sili isiyolowa hukauka na kupasuka. Mwongozo wa Toyota unataka fowili itumike angalau kilomita 16 kila mwezi. Gari la mjini Moshi au Dodoma ambalo halijaona tope tangu linunuliwe linahitaji kutafutiwa barabara ya vumbi kwa ajili hiyo tu.

Magari ya watalii ya Arusha yana jambo lake la pekee. Mengi yamekatwa chasi na kurefushwa ili yapate safu ya ziada ya viti, na propela ya nyuma ikarefushwa pamoja nayo. Mafundi wa kazi hiyo wana ustadi ambao nchi inapaswa kujivunia, ila sheria ya chuma haibadiliki: kila propela ina mwendo ambao ikiufikia inaanza kupinda katikati, na mwendo huo hushuka kwa kipeo cha pili cha urefu. Propela ikirefushwa kwa asilimia 10 bila kuongezwa unene, mwendo huo unashuka kwa takribani asilimia 17. Gari lililokuwa tulivu likikimbia linaanza kutetemeka, sili ya nyuma ya transfa inavuja, inabadilishwa, inavuja tena. Propela ndefu inataka bomba nene zaidi au kugawanywa mara mbili na kuwekewa beringi ya katikati, kisha isawazishwe kwa mashine. Mwenye gari la namna hii anayebadilisha sili kila baada ya miezi michache aanze kwa kupima propela yake.

Na ikitokea limekwama mbali? Ekseli ya nyuma ya Land Cruiser hizi za kazi ni ya aina ambayo uzito wa gari hubebwa na habu, hivyo shafti ya kuzungusha gurudumu inaweza kutolewa na gurudumu likabaki mahali pake. Shafti ikikatika karibu na Naabi, gari bado linaweza kujirudisha lenyewe. Shafti zote mbili za nyuma hutolewa, propela ya nyuma hufunguliwa na kufungwa juu ya keria, matundu ya habu huzibwa vizuri ili oili isitoke na vumbi lisiingie. Habu za mbele LOCK, leva H4 (fowili), na gari linavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Wageni wanahamia gari jingine, kwa sababu mlima wa kupanda ukingo wa Ngorongoro ni mrefu na jointi za Birfield sasa zinabeba kazi yote. Hakuna kukanyaga kwa nguvu usukani ukiwa umekatwa, na L4, fowili ya gia nzito, isiguswe. Wenye Land Rover za Series na Defender za zamani wakumbuke kwamba breki yao ya mkono hushika kwenye mdomo wa propela ya nyuma. Ikitolewa, breki hiyo haishiki tena gurudumu lolote la nyuma, na mawe ya kuzuia magurudumu yatahitajika kila kituo.

Likifika gereji, kazi ya kwanza ni kumwaga oili ya difu ya nyuma na kutafuta kila kipande cha shafti iliyokatika ndani ya ekseli kabla shafti mpya haijaingizwa. Vipande hupangwa mezani na kuunganishwa mpaka urefu wote utimie, kwa kuwa kimoja kilichobaki ndani kinatosha kuvunja krauni wiki inayofuata.